Mzazi Hatazami Mpira

Jumapili, 3 Agosto 2025

Leo Kenya inacheza na mimi nimefungiwa chumbani kama gunia la mkaa. Kosa langu: nimezaa.

Mwenye sheria za arobaini katika nyumba hii ni mavyaa wangu, Bi Mwanapili. Mzazi hatoki nje mpaka arobaini itimie. Mzazi hanywi maji baridi. Mzazi anakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni mpaka alainike kama muhogo. Na mzazi hatazami televisheni, kwa sababu macho yake bado ni mabichi na mwanga ule utayaharibu. Nilimwuliza Mama, ndivyo ninavyomwita, hili la televisheni liliingia lini katika mila, maana bibi yake hakuwa nayo. Akasema bibi yake alikuwa na busara, ndiyo sababu hakuwa nayo.

Sijidai kuwa shabiki mkubwa. Kuotea sikujui. Wachezaji ninawajua majina mawili, na moja nimeambiwa ni la kocha. Lakini kombe hili la CHAN linachezwa hapa hapa kwetu, Kenya, Tanzania na Uganda. Mwezi jana, tumbo likiwa mbele kama tanki, niliwaona wale vijana kwenye habari wamesimama mkono kifuani wakiimba wimbo wa taifa. Nililia mpaka Swabir, mume wangu, akakimbilia boda akidhani uchungu umeanza. Tangu siku hiyo ninataka kitu kimoja tu. Kuona mechi moja ya Kenya, kwa macho yangu, mwanzo mpaka mwisho, bila mtu kuniomba ziwa wala kuniletea uji wa pilipili manga. Mechi moja. Si dhambi.

Mbinu: kioo cha kabati. Niliusukuma mlango wa kabati polepole mpaka kioo chake kikaonyesha mwanya wa pazia, na kupitia mwanya huo, televisheni ya sebuleni. Safi kabisa! Nikalala ubavu, mtoto ananyonya, macho nimeyafumba nusu. Fundi mimi.

Sebuleni alikuwa Swabir na dada yake Twaiba. Twaiba ameolewa Lunga Lunga na mwanamume wa ng'ambo ya mpaka, na sasa ni Mtanzania kuliko Watanzania. Eti amekuja kunisaidia arobaini. Mpaka leo amenisaidia kumaliza halua ya wageni.

Usingizi ukanipitia, na kipindi cha pili nikazinduka, nikakodolea yale matokeo pale juu. Kenya huandikwa kushoto, hilo ninalijua. Kushoto: sifuri. Kulia: moja. Nikaanza kulia. Swabir naye anapiga makofi! Nikasema huyu mwanamume amerogwa, anashangilia tukifungwa. Mama akaingia, akayaona machozi, akasema ni damu ya uzazi imepanda kichwani. Uji bakuli mbili. Maji ya kukandwa, moto maradufu.

Baadaye Swabir akaja kunipa habari njema, tumeshinda moja bila. Nikamwambia asimdanganye mgonjwa. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba kioo hugeuza.

Alhamisi, 7 Agosto

Kioo kimefunikwa. Mama anasema mtoto akijiona kwenye kioo meno huchelewa. Sijui nani alimwambia mtoto anatazama kioo. Ninamshuku Twaiba.

Kenya na Angola, saa moja jioni. Mbinu: choo. Choo chetu kiko uani, kimepakana na ukuta wa jirani yetu Kache, muuza mahamri, mwenye televisheni kubwa na sauti kubwa kuishinda. Hata mzazi huenda chooni. Hiyo ndiyo sheria pekee ambayo Mama hakuifikia.

Nikatoka nimejifunika gubigubi, kisu mkononi kama inavyotakiwa, kwamba mzazi asipite gizani bila chuma. Nikajifungia. Raha! Mtangazaji humsikii, lakini Kache unamsikia vizuri. "Piga! Piga wee! Unamwachia nani, shangazi yako?" Angola wakafunga. Kache akanyamaza, nikajua. Sisi tukarudisha kwa penalti. Nikapiga makofi na kisu kikaanguka shimoni.

Mama akabisha mlango. Akauliza kulikoni mwanangu, mbona muda wote huu. Nikasema tumbo. Akauliza limefunga? Nikasema limefunga, Mama.

Kosa kubwa. Mama hana utani na tumbo lililofunga. Mafuta ya nyonyo, kikombe kizima, amesimama kunitazama mpaka tone la mwisho.

Kipindi cha pili nilikihudhuria chooni chote, bila kuigiza hata kidogo. Sare, moja kwa moja. Kisu chenyewe Mama anakitafuta.

Jumapili, 10 Agosto

Wazo lilinijia nikikandwa. Mawazo yangu mengi hunijia nikikandwa, kwa kuwa akili ni lazima iende mahali pengine.

Nilimwambia Mama kwamba Jaafar (mwanangu, amepewa jina la babu yake, na kichwa cha babu yake vilevile) halali vizuri ila akisikia kelele za uwanja wa mpira. Nikasema nimemchunguza. Nikasema bila shaka ni kama mvumo aliouzoea tumboni. Mama akaguna. Akasema haya, tujaribu, na ikiwa ni uongo atampigia simu mama yangu.

Swabir akaleta televisheni mpaka mlangoni. Watu wa uwanja wa Kasarani wakavuma. Jaafar akapiga mwayo, akalala fofofo! Ukweli ni kwamba alikuwa amenyonya asubuhi nzima na angelala hata gulioni. Lakini Mama aliona kwa macho yake, nayo si mabichi.

Televisheni imehamia chumbani! Ushindi! Ushindi huo ulidumu mpaka Mama alipovua leso yake ya pili na kuifunika. Akasema sauti ni ya mtoto, picha je, ni ya nani?

Basi nimetazama Kenya na Morocco kupitia leso. Leso ina picha za korosho nne kubwa. Wachezaji walikuwa vivuli vinavyopita nyuma ya korosho. Goli letu lilifungwa nyuma ya korosho ya kushoto. Kisha mtangazaji akasema mmoja wetu ametolewa kwa kadi nyekundu, tumebaki kumi. Kwenye leso sikuona upungufu wowote. Tukashinda! Nikapiga ukelele, Jaafar akaamka, Mama akanigeukia. Nikasema ni mgongo.

Nikakandwa mgongo.

Twaiba akachungulia pazia. "Wifi, sisi tumeshafuzu. Nyinyi endeleeni na vivuli." Nikamwombea kwa Mungu ampunguzie maneno, si mengine.

Jumatano, 13 Agosto

Uongo wangu umetoka nje kabla yangu.

Juzi Kache alikuja kutujulia hali na kitindamimba wake, ambaye anaota meno na Msambweni nzima imeshamsikia. Mama akamwekea marudio ya mechi. Sijui ni nini, labda uchovu, mtoto akalala. Kache akanitazama kama niliyegundua dawa ya malaria. Kisha akaenda kuuza mahamri. Kila andazi na habari yake.

Leo alasiri walikuwapo kina mama watano mlangoni, mmoja ametoka Ramisi kwa boda na mapacha. Mama amekuwa daktari. Ametandika mkeka. Anawapokea, anawaitikia shikamoo, anawauliza mtoto ana nini. Ana mpaka vipimo vyake. Kipindi cha kwanza ni cha watoto wa gesi. Kipindi cha pili ni cha meno. Dakika za nyongeza ni za watoto wakaidi.

Nilimwita Swabir kando, nikamwambia nimeyatunga yote. Akaniambia anajua. Akasema lakini mama yake hajafurahi hivi tangu harusi yetu, na kama nina uongo mwingine wa namna hii nimpe mapema.

Jumapili, 17 Agosto

Habari njema: leso imeondolewa. Kina mama walilalamika kwamba wametoka mbali na hawawezi kutazama korosho. Mama akakubali, ila mimi nikasogezwa ukutani nyuma ya wote, kwa ajili ya macho yangu.

Kenya na Zambia. Chumba changu, kitanda changu, televisheni mbele ya kitanda changu, na mimi nimetazama visogo. Visogo na mabuibui. Watoto wote wanalia, isipokuwa Jaafar. Kina mama wanasema sauti iongezwe. Ikaongezwa. Watoto wakaongeza.

Nilikuwa karibu kupata mwanya mzuri kati ya bega la Kache na sikio la mama wa mapacha. Mama wa mapacha akageuka, akanikabidhi pacha mmoja, akasema nisaidie dada, wewe una mkono. Goli la Kenya limefungwa nikiwa nimeinama juu ya matako ya pacha wa Ramisi. Nikasikia chumba kimelipuka. Nikainuka na nepi mkononi. Walikuwa wamekumbatiana, hakuna hata kisogo kilichotulia.

Tumeongoza kundi! Robo fainali ni Ijumaa na Madagascar. Sijaona goli hata moja la nchi yangu.

Jumatano, 20 Agosto

Nimepatikana.

Jaafar sasa kweli halali bila mpira. Si utani. Ukizima televisheni anafumbua jicho moja. Ukimwimbia anakutazama kama askari wa lango la hoteli. Lazima mtangazaji.

Na leo stima imepotea tangu asubuhi, televisheni haiwaki. Kufika adhuhuri mtoto amelia mpaka amekuwa na rangi ya bitiruti, mimi nimelia naye, Mama amemaliza dua anazozijua. Swabir alikuwa na mapumziko. Akakaa nje ya dirisha akasema atatangaza yeye. Mpira haujui Swabir. Anajua kazi yake tu, kusafisha bwawa la kuogelea la hoteli moja kule Diani. Akaanza.

"Anakuja kijana na wavu wake mrefu, ameliona jani, jani liko upande wa kina kirefu, anazunguka, mzungu amelala njiani, anamruka mzungu, jani linasogea, analifuata, anavuta, anavutaaa... ndaniiii!"

Jaafar akashusha pumzi, akalala.

Na mimi nikalala. Usingizi wa kweli, ule wa kutoa udenda. Nilipoamka Swabir bado yuko dirishani, sauti imemkauka, amefika kwenye kutia dawa ya maji. Nilimtazama kitambo. Nilimpa uji wangu.

Kisha Mama akaingia na tangazo. Arobaini inatimia, tutatolewa nje Ijumaa baada ya alasiri, siku njema, na dada zake wa Kibuyuni wameshaalikwa. Ijumaa! Robo fainali inaanza saa kumi na moja! Nikamwomba isogezwe Jumamosi. Akauliza kwa sababu gani. Nikasema mgongo. Akaanza kuchemsha maji.

Ijumaa, 22 Agosto

Niandike polepole.

Nilimwambia Mama kwamba watakuja wageni na watoto wao, na dawa iko chumbani. Hakungoja nimalize. Akaamuru televisheni itolewe uani, waya ukapitishwa dirishani. Na mzazi akishatoka, sheria ya macho imekwisha! Nilimwuliza mara mbili. Akasema imekwisha, mwanangu, tazama hata jua.

Jaafar alinyolewa, akabaki na kichwa kama bilingani. Mimi nilioshwa, nikatiwa hina mikono na miguu, nikaketishwa mkekani, mto mgongoni, mtoto mapajani. Mbele yangu, bila kioo, bila ukuta, bila korosho: televisheni. Wallahi uwanja ni wa kijani kuliko nilivyodhani!

Niliona wimbo wa taifa. Nililia, watu wakadhani ni kwa ajili ya mtoto. Niliona goli letu. Goli! Mpaka wavu ulivyotikisika! Niliona Madagascar wakirudisha kwa penalti, nikasema wameotea, Kache akaniambia penalti haina kuotea, mama. Magharibi tukasali, sala yangu ya kwanza tangu nijifungue. Sitasema kwamba moyo wangu wote ulikuwa kwenye mswala.

Tuliporudi bado ni moja kwa moja. Ikaenda mpaka penalti. Na hapo ndipo dada za Mama walipofika kutoka Kibuyuni, wamechelewa, wana haraka, na Mama akasema basi tuombe dua ya mtoto sasa hivi kabla hawajaondoka.

Mikono ikainuliwa. Yangu pia, hina na yote. Macho sikuyainamisha. Mama akamwombea Jaafar riziki. Amin. Akamwombea elimu. Amin. Akamwombea miguu yenye nguvu, na mchezaji wetu yuko pale anarudi nyuma aupige mpira, nikasema AMIN mpaka kuku wakaruka. Akakosa.

Twaiba, pembeni yangu, bila kufumbua macho: "Ya miguu imemfikia wa Madagascar, wifi."

Tukatolewa. Nikabaki nimekodoa. Halafu nikahisi uani kuko kimya vingine. Nikageuka. Hakuna aliyekuwa anatazama televisheni. Mama, Kache, dada za Mama, wote wanatazama mapajani mwangu. Twaiba analia machozi kabisa.

Jaafar alikuwa ametabasamu. Mara ya kwanza tangu azaliwe. Amemtabasamia Twaiba.

"Wifi, hukuona?"

Sikuona. Nikainama haraka. Alikuwa ameshafunga, kama duka siku ya Ijumaa.

Tabasamu la kwanza la mwanangu, na mimi nilikuwa ninamtazama kipa wa watu.

Jumamosi, 23 Agosto

Jana hiyo hiyo Tanzania nao walitolewa na Morocco. Kache ametuletea mahamri ya msiba. Tumekula pamoja mimi na wifi yangu kutoka sahani moja, na nikaona kumbe ni mtu.

Kisha akaanza kunionyesha jinsi Jaafar alivyotabasamu. Anakunja shavu la kushoto, anafinya macho. Nikamwambia hilo si tabasamu, hiyo ni gesi. Akasema gesi haimwangalii mtu usoni, wifi. Hatuzungumzi tena.

Nimeapa. Televisheni irudi sebuleni. Kina mama wote wameambiwa dawa imekwisha nguvu, na Mama amenuna. Mimi nimekaa kutwa uso kwa uso na Jaafar, ninasubiri. Nimemchekea, nimemwimbia, nimemfanyia sura ya Mama akionja chumvi. Amenitazama. Amepiga chafya. Shingo imeniuma, na kwa hili la shingo sikumwambia mtu.

Mpira basi. Mtoto ni mtoto. Ninaandika hapa ili nisisahau: kamwe tena sitaangalia mpira mtoto akiwa mapajani.

Jumamosi, 30 Agosto

Leo ni fainali, Madagascar na Morocco.

Ninajua nilichokiandika. Nimekisoma tena. Niliandika mtoto akiwa mapajani. Sikuandika mapaja ya nani.

Tena Madagascar ndiyo iliyotutoa sisi. Wakichukua kombe, itakuwa tumetolewa na mabingwa, na hilo lina heshima yake. Huo si ushabiki, ni kulinda jina la nchi.

Na wiki nzima Jaafar amekuwa akigawa matabasamu kama karamu. Kwa Mama. Kwa Swabir. Kwa feni. Twaiba amerudi Lunga Lunga na bado anampata kwa simu ya video. Mimi, mwenye maziwa, ananipa miayo. Siwezi kuketi tu namna hii bila mpango.

Mbinu: nimemweka Jaafar mapajani mwa Kache, na Kache nimemketisha kando kabisa ya televisheni, bega lake limegusana nayo. Kwa hiyo nikitazama mpira ninamwona mtoto, nikimtazama mtoto ninauona mpira. Tabasamu litapitia wapi? Swabir akasema kwa nini nisizime tu. Nikamwambia yeye ashughulike na majani yake.

Mechi tamu! Magoli huku, magoli kule. Macho yangu mpira, mtoto, mpira, mtoto. Kizunguzungu, lakini mbinu inafanya kazi. Kisha ikawa kona, upande wa pili wa uwanja, mbali na Kache. Nikageuza macho kidogo. Kidogo tu!

Kache akapiga yowe.

Anasema tabasamu lilikuwa kubwa, la ufizi wote, na safari hii halikuwa la mtu mwingine. Jaafar alikuwa ananitazama mimi. Anasema alinitazama muda mrefu kabisa, akingoja.

Kona yenyewe haikuzaa kitu. Madagascar wamefungwa.

Desemba kuna kombe jingine, kule kwao Morocco. Kenya haimo, nimeuliza. Haidhuru, nitachagua timu yenye jezi nzuri. Kache ameshakubali kuja. Mara hii nitamketisha upande wa kona.